Nahau, mafungu yaliyoganda au maneno yanayoandamana: katika Kiingereza uanze na kipi, na ujifunze kwa njia ipi?

Mtu akishavuka ngazi ya sarufi ya Kiingereza, nyakati anazijua, umoja na wingi haumsumbui, huwa anakwama mahali pamoja: sentensi zake hazina kosa, lakini zinasikika ngeni. Anasema "I drank my tablets" na anaeleweka, ila mwenye lugha angesema "I took my tablets". Anaandika "big rain" mahali pa "heavy rain". Hapo ndipo wengi hukimbilia orodha za nahau, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi hupotea njia. Ugonjwa wa "big rain" hautibiwi kwa kukariri "it's raining cats and dogs".

Kuna mambo mawili ya kuchagua hapa, na watu huyachanganya. La kwanza ni kitu gani ujifunze. La pili ni kwa njia gani. Nitayachukua moja baada ya jingine.

Makundi matatu, na tofauti zake

Nahau ni ile ambayo hata ukijua maana ya kila neno, maana ya jumla inakupita. "Spill the beans" ni kutoboa siri, "cut corners" ni kulipua kazi, "throw in the towel" ni kusalimu amri.

Mafungu yaliyoganda ni vipande ambavyo maana yake iko wazi au karibu na wazi, ila vimezoeleka vilivyo na havichezewi: "by the way", "as far as I know", "sooner or later", "I look forward to hearing from you". Mzungumzaji havijengi upya kila mara. Anavitoa kinywani vikiwa vizima.

Maneno yanayoandamana hayana fumbo lolote. Ni mazoea tu ya neno fulani kutembea na neno fulani: "make a mistake", "heavy traffic", "reach an agreement", "high fever". Ukiyasoma unaelewa papo hapo, na kwa sababu hiyo macho yanapita juu yake bila kuyaona. Ukija kuandika mwenyewe ndipo unagundua huyajui.

Sasa, kipi kina faida zaidi? Tuanze na wingi wa matumizi. Mwaka 1998 Rosamund Moon, aliyekuwa akichunguza misemo ya Kiingereza katika mkusanyo wa matini wenye maneno yapatayo milioni 18, alionyesha kwamba misemo mingi ya aina ya nahau hujitokeza chini ya mara moja katika kila maneno milioni moja. Maneno milioni moja ni riwaya nene kumi hivi. Yaani unaweza kukariri "kick the bucket" leo, ukasoma vitabu mfululizo, usiione. Wakati huohuo "make a decision" au "take place" utakutana nayo kabla hujamaliza gazeti la asubuhi.

Halafu kuna gharama ya kukosea. Ukikosea maneno yanayoandamana, msomaji anatambua kwamba Kiingereza si lugha yako ya kwanza, basi, maisha yanaendelea. Ukikosea nahau, unachekesha au unaudhi. "Kick the bucket" ina maana ya kufa, orodha zote zinasema hivyo, na orodha nyingi zinaishia hapo. Haziongezi kwamba ni lugha ya mzaha, na kwamba ukiiweka katika barua ya rambirambi umemtukana marehemu na wafiwa. Huko panatakiwa "passed away", ambalo ni fungu la kawaida lisilo na mbwembwe zozote.

Nahau pia zina ugumu wa umbo. Nyingine zinakubali kupinda kidogo: "the beans were spilled" inapita. Nyingine hazikubali: "the bucket was kicked" haina tena maana ya kufa, imebaki ndoo na teke. Hakuna kanuni ya kukuonyesha ipi inapinda na ipi haipindi, hadi uizoee.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: maneno yanayoandamana kwanza na kwa nguvu nyingi, mafungu yaliyoganda sambamba nayo kwa sababu ni rahisi na yanalipa haraka, nahau mwisho, na nyingi kati yake uzijue kwa kuzielewa tu bila kuzitumia. Mwenye shughuli maalumu anaweza kuugeuza, nitafika huko.

Mahali ambapo Kiswahili kinakusaidia, na mahali kinapokuponza

Jambo hili halimo katika vitabu vingi vya kujifunzia Kiingereza, maana huandikwa kwa watu wa lugha zote. Sisi tuna mzigo wetu.

Chukua kitenzi "fanya". Kwetu kinabeba karibu kila kitu: unafanya kosa, unafanya kazi, unafanya uamuzi, unafanya mtihani, unafanya utafiti, unafanya sherehe. Kiingereza kinavigawa: "make a mistake", "do some work", "make a decision", "take an exam" au "sit an exam", "do research" au "carry out research", "have a party" au "throw a party". Wapo wanaofundisha kanuni kwamba "make" ni kuunda na "do" ni kutenda. Ijaribu kwenye "make a mistake" na "do damage" uone inavyokuacha njiani. Hapa dawa ni kujifunza nomino pamoja na kitenzi chake, kama pacha.

"Piga" ndiyo kubwa zaidi. Tunapiga simu, picha, kura, pasi, mswaki, hatua, kelele. Kiingereza kina kitenzi tofauti karibu kila mahali: "make a call", "take a photo", "cast a vote", "iron the clothes", "brush your teeth", "make progress", "make a noise". Uzuri wake ni kwamba hakuna mwenye Kiswahili anayejaribiwa kusema "beat a telephone" akiwa amekwishasoma kidogo. Umbali ni mkubwa mno, kwa hiyo unatafuta neno sahihi. Hatari iko pale lugha mbili zinapokaribiana. "Pokea simu" inavuta "receive the phone", wakati Kiingereza kinasema "answer the phone". "Kula rushwa" inavuta "eat a bribe", na Kiingereza kinasema "take a bribe". "Jadili kuhusu" inazaa "discuss about", kosa ambalo hata waandishi wazoefu wanalo. "Discuss" haihitaji kihusishi chochote.

Kwenye nahau mambo ni hayohayo. "Kuvunjika moyo" kwetu ni kukata tamaa: mwanafunzi aliyefeli amevunjika moyo. "Heartbroken" ni huzuni nzito, ya kufiwa au kuachwa. Ukimwambia mwajiri "I was heartbroken" kwa sababu ripoti yako ilirudishwa na masahihisho, atashangaa. Ulichotaka ni "I was discouraged", au "I lost heart".

Kwa upande mwingine, Kiswahili kinakupa faida. Wewe tayari unaishi katika lugha inayopanga maneno kwa mazoea, na sikio lako linajua kwamba mvua hunyesha, jua huchomoza na vita huzuka. Ukianza kuuliza "neno hili kwa Kiingereza hutembea na nani?", umeshapata nusu ya ufundi.

Njia tano, ana kwa ana

Orodha za kukariri ndizo rahisi kupata na ndizo ninazozipenda kidogo kuliko zote. Ubaya wake mkubwa ni jinsi zinavyopangwa. Nahau 20 za viungo vya mwili, nahau 15 za wanyama, nahau 10 za rangi. Ukurasa unapendeza, lakini Thomas Tinkham na Rob Waring, katika tafiti zao za miaka ya 1990, walionyesha kwamba maneno mapya ya kundi moja la maana yakifundishwa kwa pamoja yanagongana kichwani na kuchukua muda mrefu zaidi kushika. Ukijifunza "cold feet", "cold shoulder" na "in cold blood" kwa siku moja, mwisho wa juma hujui ipi ni woga, ipi ni kumpuuza mtu na ipi ni ukatili. Orodha ina kazi yake: kuitumia kama rejea ukishakutana na msemo mahali pengine. Kama ndiyo somo lako lote, tafuta kitu kingine.

Kadi za kujikumbushia ni bora zaidi, kwa masharti. Wazo lenyewe ni la zamani. Hermann Ebbinghaus aliandika tangu 1885 jinsi kumbukumbu inavyopotea upesi mwanzoni, kisha polepole, na Sebastian Leitner alieneza katika miaka ya 1970 mtindo wa visanduku ambapo kadi unayoijua inarudi kwa nadra na ile inayokusumbua inarudi mara kwa mara. Siku hizi programu kama Anki zinafanya hesabu hiyo zenyewe, na kwenye kompyuta Anki ni bure. Tofauti kati ya anayefaidika na asiyefaidika iko katika namna ya kuandika kadi. Tazama hii:

Mbele: make a decision. Nyuma: kufanya uamuzi.

Kadi hii haikufundishi kitu, kwa sababu unaposoma "make a decision" tayari jibu umepewa, na maana yake uliijua tangu zamani. Igeuze:

Mbele: Wamejadiliana usiku kucha, hatimaye wameafikiana. "They talked all night and finally ______ a decision." Nyuma: reached.

Sasa kichwa kinafanya kazi. Hali iko kwa Kiswahili, sentensi iko kwa Kiingereza, pengo liko palepale unapokosea. Na kadi ziwe zako, ulizoziandika kutokana na ulichosoma. Mafurushi ya kadi elfu kadhaa yaliyotengenezwa na wengine ni orodha zilezile zilizovaa nguo mpya.

Kusoma na kusikiliza kwa wingi ndiyo njia inayosifiwa kuliko zote, na sifa hizo ni za kweli kwa nusu. Inakupa mazingira ya neno, hadhi yake, na sauti yake. Tatizo ni kasi. Stuart Webb, Jonathan Newton na Anna Chang walichapisha mwaka 2013 utafiti ambao wanafunzi walisoma hadithi huku wakiisikiliza, na maneno yanayoandamana yalijitokeza mara 1, 5, 10 au 15. Kadiri marudio yalivyoongezeka ndivyo yalivyoshika, na waliokutana nayo mara 15 walikuwa mbali mbele. Katika hadithi iliyorekebishwa hilo linawezekana. Katika maisha, kukutana na "bow to pressure" mara 15 kunaweza kuchukua miezi.

Ndiyo maana kusoma kunahitaji daftari. Tuseme umekutana na sentensi hii: "The government has come under growing pressure to lift the ban." Mwanafunzi wa kawaida atapigia mstari "ban", atafute maana, aandike "marufuku", aendelee. Mwenye jicho la maneno yanayoandamana ataondoka na vitu vitatu: "come under pressure", "growing pressure", "lift a ban". Sentensi moja, na kila kipande unaweza kukitumia kesho. Neno "ban" peke yake lingekuacha ukibuni "remove the ban" au "stop the ban". La kwanza lingevumilika, la pili lingeleta utata. Andika vipande, usiandike maneno mojamoja, na usichukue zaidi ya vichache kwa ukurasa, la sivyo daftari litajaa na hutalifungua tena.

Kamusi ya maneno yanayoandamana ni chombo ambacho watu wengi hawajui kuwa kipo. Haikupi maana. Unatafuta nomino, mathalani "evidence", nayo inakupangia vitenzi na vivumishi vinavyokwenda nayo: "strong", "conclusive", "gather", "provide". Kwa mtu anayeandika, hakuna kitu kinachorekebisha kazi haraka kama hiki. Kwa mtu anayetaka kuzungumza haisaidii sana, maana hutafungua kamusi katikati ya mazungumzo.

Njia ya tano ni kongoo, yaani mkusanyo mkubwa wa matini halisi unaoweza kuupekua kwa kompyuta. Ule wa Uingereza uitwao British National Corpus una maneno milioni 100 ya mwishoni mwa karne ya 20. Ule wa Marekani, COCA, umepita maneno bilioni moja, kuanzia 1990 hadi 2019, na umegawanywa kati ya mazungumzo, hadithi, magazeti, maandishi ya kitaaluma na kadhalika. Unauliza swali ambalo kamusi haijibu: je, watu husema "strong rain"? Unaona idadi, unaiweka kando ya "heavy rain", shauri limekwisha. Unaona pia kama msemo ni wa wasomi au wa maongezi. Mwanzoni kinatisha, kina vitufe vingi. Asiyetaka usumbufu atumie SkELL, ambayo ni nyepesi na iliundwa kwa ajili ya wanafunzi. Ila kongoo ni mahali pa kuthibitisha. Ukikifanya mahali pa kujifunzia utapotelea humo jioni nzima, na kesho hukumbuki kitu.

Na akili mnemba? Inafaa kama mwenza wa mazoezi: iambie ikutungie sentensi zenye mapengo kutokana na daftari lako, au ikuonyeshe maneno yasiyoandamana vizuri katika aya uliyoandika. Ukiiomba "nipe nahau 50" itakupa orodha, na tumekwisha kusema kuhusu orodha.

Nahau zikishindikana kukaa kichwani

Kwa zile chache unazozitaka hasa, kuna njia moja iliyo bora kuliko kurudiarudia: kujua zilikotoka. Frank Boers na wenzake wamefanya tafiti nyingi kuonyesha kwamba mwanafunzi anayejua asili ya nahau huikumbuka vizuri zaidi. Kiingereza ni lugha ya mabaharia na wapenda michezo, na nahau zake zinaonyesha. "Learn the ropes" na "by and large" zimetoka kwenye merikebu za matanga. "Throw in the towel", "on the ropes" na "below the belt" ni za ulingo wa ngumi. "The ball is in your court" ni tenisi, "ballpark figure" ni besiboli. Ukishaona msaidizi wa bondia akirusha taulo ulingoni ili pambano lisimamishwe, maana ya kusalimu amri haikutoki tena. Boers pia amegusia sauti: misemo ambayo maneno yake huanza kwa mlio mmoja, kama "cut corners", hushika kirahisi ukiitamka kwa sauti.

Tahadhari moja. Asili nyingi zinazosimuliwa ni za kutungwa. "Raining cats and dogs" ina hadithi za kila aina, na hakuna iliyothibitishwa. Kama chombo cha kumbukumbu hadithi hiyo inaweza kukusaidia, usiihubiri tu.

Nani achague nini

Mwenye usaili au mtihani wa kuzungumza wiki chache zijazo ashike mafungu yaliyoganda, yale ya kufungulia hoja, kununua muda na kukubaliana kwa nusu: "that's a good question", "it depends on", "I see your point, but". Ayatamke hadi yatoke yenyewe. Kuhusu IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, uvumi kwamba lazima umwage nahau ndipo upate alama za juu umewaumiza watu. Msamiati ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa katika mtihani wa kuzungumza, na maelezo ya ngazi ya 7 yanataja misemo ya kinahau pamoja na kujua mtindo na maneno yanayoandamana. Watu husoma neno la kwanza, wanaacha mengine, kisha wanachomeka "it's a piece of cake" katika jibu kuhusu mazingira.

Anayeandika ripoti, barua za kikazi au tasnifu aachane na nahau kabisa kwa sasa. Achague kamusi ya maneno yanayoandamana, athibitishe kwa kongoo pale anaposita, na atengeneze kadi kutokana na masahihisho anayorudishiwa. Nomino 100 za fani yake, kila moja na vitenzi vyake viwili au vitatu, zitambadilishia maandishi kuliko nahau 500.

Anayetaka kufuata filamu, vichekesho na soga za wenye lugha ndiye hasa mwenye haja ya nahau, na kwake inatosha kuzitambua. Atazame, asimamishe, aandike sentensi nzima na nani alimwambia nani. Nani alimwambia nani ndiko kunakoonyesha kama msemo ni wa marafiki au unaweza kusemwa mbele ya bosi.

Mwisho, amua mapema kama unafuata Uingereza au Marekani, maana misemo inaachana. Mwingereza husema "a drop in the ocean", "touch wood" na "storm in a teacup". Mmarekani husema "a drop in the bucket", "knock on wood" na "tempest in a teapot". Hizo hazina madhara, utaeleweka kote. Iliyo na madhara ni "table a proposal": katika kikao cha Uingereza ni kuileta hoja ijadiliwe, Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe kwa sasa. Ukiandikiana na pande zote mbili, huo uache kabisa, uandike "discuss it today" au "postpone it".